Milima Haikutani: Kwa Miguu Kutoka Nyanchwa Hadi Jabali la Manga

Je, msomaji, umewahi kuziona picha za watu wanaopanda milima ya Himalaya kule Nepal? Bila shaka umewaona wageni waliovaa makoti manene, fimbo mkononi, pumzi zikiwapaa. Na kando yao umemwona Sherpa, mzigo mkubwa mgongoni, kamba ya mzigo huo imepita kwenye paji la uso, naye anatembea kana kwamba anakwenda sokoni kununua chumvi.

Watu wengi hudhani kwamba Sherpa ni jina la kazi ya uchukuzi. La hasha! Sherpa ni jina la kabila, na maana yake ni "watu wa mashariki". Ni mmoja wao, Tenzing Norgay, aliyekanyaga kilele cha Everest pamoja na Edmund Hillary wa New Zealand mnamo tarehe 29 Mei 1953. Mlima huo una kimo cha mita 8,849, na hakuna mwingine duniani unaoupita. Lakini wageni wengi waendao huko hawafiki kileleni, wala hawana nia ya kufika. Wao hutembea tu kutoka kijiji hadi kijiji, wakala viazi na kunywa chai iliyotiwa siagi na chumvi katika nyumba za wenyeji. Wakirudi kwao, wanachosimulia zaidi ni moto wa jikoni na ukarimu wa watu, si theluji.

Nauli ya kwenda Nepal mimi sina, na pengine wewe pia huna. Hata hivyo, wahenga walisema tembea uone. Sasa funga viatu vyako, tuandamane. Leo nitakupeleka katika milima ya Wagusii, kutoka kilima cha Nyanchwa mjini Kisii hadi jabali la Manga katika Kaunti ya Nyamira. Hakuna theluji huko, na hutahitaji hewa ya kopo. Utakachohitaji ni miguu, adabu na tumbo lenye nafasi.

Kwa nini nilitembea

Kwanza sharti nikiri jambo. Mimi ni Mgusii wa mjini. Kwa miaka mingi safari zangu za nyumbani zilikuwa za aina moja tu: kupanda gari la usiku kutoka Nairobi, kufika alfajiri, kuzika, kula, na kurudi jioni hiyo hiyo. Milima niliiona kupitia kioo cha dirisha, tena nikisinzia.

Marehemu baba yangu alisomea Nyanchwa katika miaka ya 1950, na nyumbani kwao kulikuwa chini ya jabali la Manga. Alikuwa akienda na kurudi kwa miguu kila mwisho wa juma, bila viatu, kichwani amejitwika ndizi na unga wa wimbi wa kumtosha juma zima. Hadithi hiyo alitusimulia kila mara tulipolalamika kwamba shule ni mbali. Nasi tulikuwa tukicheka kisirisiri.

Baba alipofariki, mtu pekee aliyebaki anayeijua njia ile ni shangazi, dada yake mdogo, ambaye alizoea kumsindikiza hadi kwenye mto wa kwanza. Shangazi sasa ni mkongwe na hatoki nyumbani. Mwaka jana alinitumia ujumbe mfupi: "Njoo na mtoto, nimwone kabla macho hayajazima." Gari lingetufikisha huko mapema bila taabu. Lakini binti yangu, mwenye umri wa miaka 14, akauliza, "Baba, kwani hatuwezi kupita pale babu alipopita?" Nilikosa la kujibu. Tukaenda kwa miguu.

Asubuhi ya Nyanchwa

Ukitaka kuijua Kisii, amka mapema upande Nyanchwa kabla ya jua kuchomoza. Hapa ndipo Waadventista walipoanzisha misheni kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na hadi leo kilima hiki kina kanisa na shule zao. Wakatoliki nao walikuwa wameanza kule Nyabururu mwaka wa 1911. Utaona kwamba wamishenari, kama walivyo wazee wa kienyeji, walipenda kukaa juu, mahali palipo na upepo na ambapo mbu si wengi.

Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na vilele vilivyo mbele yako vinapita mita 2,000. Asubuhi ukungu hujaa mabondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Juu ya ukungu huo vinachungulia vilima tu, kimoja nyuma ya kingine, vyote kijani kibichi. Mvua hapa ni nyingi, kwa wastani inapita milimita 1,500 kwa mwaka, na ni nadra ardhi kukauka kabisa.

Teremka sasa uingie mjini. Wazee bado huuita mji huu Getembe, na wengine huuita Bosongo, maana yake mahali pa Wazungu. Husimuliwa kwamba mtabiri mashuhuri Sakawa aliwaonyesha watu mahali ambapo majengo ya wageni yangesimama, kabla hata ya Waingereza kufungua kituo chao hapa mwaka wa 1907.

Na usidhani wageni hao walipokewa kwa nyimbo. Mnamo Januari 1908 kijana Otenyo, akichochewa na mama shupavu Moraa aliyekuwa mganga na mtabiri, alimchoma mkuki afisa wa serikali, G. A. S. Northcote. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na vijiji vikachomwa na mifugo kutwaliwa. Kisha mnamo Septemba 1914 Wajerumani walipanda kutoka upande wa Ziwa Victoria na kuuingia mji huu, wakapambana na askari wa KAR kwenye vilima vya hapa. Nilimweleza binti yangu mambo haya tukiwa tumesimama kando ya kijito cha Nyakomisaro, huku matatu zikipiga honi. Akaniambia, "Mbona shuleni tunafundishwa vita vya kwingine tu?"

Njia za miguu

Ukishauacha mji, lami inakuwa mbali na miguu inaanza kazi. Njia za milimani hazipendi kuzunguka. Zinashuka moja kwa moja hadi kijitoni, zinavuka kwenye magogo mawili, halafu zinapanda moja kwa moja upande wa pili. Ndani ya saa moja nilikuwa nimeketi mara tatu. Akina mama walikuwa wakitupita, kila mmoja na mkungu wa ndizi kichwani juu ya ngata, wakiongea na kucheka bila kuhema. Hapo ndipo nilipowakumbuka Masherpa. Tofauti ni kwamba wao hubebea paji la uso, na mama zetu hubebea utosi. Tena hakuna mgeni anayewapiga picha.

Si ajabu basi kwamba milima hii imezaa wakimbiaji. Naftali Temu, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000 kule Mexico mwaka wa 1968, alikuwa mwana wa Nyamira. Naye Yobes Ondieki, pia Mgusii, alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia masafa hayo chini ya dakika 27, mjini Oslo mwaka wa 1993. Mtoto anayepanda na kushuka kila siku kwenda kuchota maji amekwisha kuanza mazoezi kabla ya kumjua kocha.

Mashamba nayo yamepanda hadi juu kabisa. Hapa kuna migomba, pale mahindi, kule majani chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia. Asubuhi wachumaji huwa wamezama hadi kiunoni, wakichuma majani mawili na chipukizi lake, na kapu linajaa mgongoni. Zamani palikuwa na maua meupe ya pareto kila upande, na Kenya iliongoza duniani kwa zao hilo. Kisha malipo yakachelewa mno, wakulima wakachoka, wakang'oa.

Utakachogundua upesi ni kwamba mashamba ni madogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani takriban 958 katika kila kilomita moja ya mraba. Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Babu alikuwa na kilima, baba akapata ubavu wa kilima, na mwana amepata ukanda mwembamba unaoanzia barabarani na kuishia mtoni. Mwana huyo naye ana watoto.

Ua lililoziba njia

Ni kwa sababu hiyo tulikwama. Shangazi alikuwa ametueleza kwa simu: mkifika penye mti mkubwa wa mkuyu, fuateni njia ya kulia iteremkayo kwenye chemchemi. Mkuyu tuliuona. Njia hatukuiona. Mahali pake palikuwa na seng'enge na safu ya mikaratusi iliyonyooka kama askari wa gwaride.

Tulisimama tukitazamana. Punde akatokea mzee mmoja, panga mkononi, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Binti yangu alirudi nyuma yangu.

"Bwakire," nilimsalimu, yaani kumekucha.

"Bwakire buya," akajibu, bila tabasamu. "Mnatafuta nini?"

"Shikamoo mzee. Tunatafuta njia ya zamani ya kwenda Manga."

"Hakuna njia hapa. Hapa ni kwangu." Kisha akanitazama kwa makini. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilimtajia jina la baba yangu, halafu la babu yangu, halafu ukoo. Mzee akashusha panga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba yako alikuwa akipita hapa akiimba. Mama yangu alikuwa akimpa ndizi mbivu." Akaivuta seng'enge kwa mkono wake na kutupisha, tukapita katikati ya shamba lake la mahindi hadi kwenye chemchemi.

Chemchemi yenyewe ilikuwa na maji yanayodondoka kama machozi ya mtoto aliyechoka kulia. Mzee alisema zamani maji yalikuwa yakiruka. Akaionyesha mikaratusi kwa panga. Miti hiyo ina faida, kwani huuzwa kuwa kuni za viwanda vya chai na nguzo za ujenzi, na karo ya shule hulipwa kwayo. Lakini ina kiu kubwa, na ikipandwa karibu na maji huyanywa. "Nilijua," mzee alisema, "lakini watoto walikuwa wanafukuzwa shule. Ningefanya nini?"

Msomaji, sina la kumlaumu mzee yule, na sidhani wewe pia unalo.

Adabu za nyumbani

Tulifika kwa shangazi jua likiwa utosini. Hapa nikuonye, wewe uliyezoea Kiswahili. Kwa Ekegusii, "baba" maana yake ni mama, na baba mwenyewe anaitwa "tata". Binti yangu aliposikia mwanamume mzima akimwita shangazi "baba", aliangua kicheko hadi akakaa chini. Shangazi naye akacheka, meno mawili yaliyobaki yakaonekana, na tangu hapo wakawa marafiki. Kabla ya jioni mtoto alikuwa amejifunza kumwita "magokoro", yaani nyanya.

Ukiingia katika boma la Wagusii, usiende moja kwa moja mlangoni kama mtoza kodi. Simama uani, salimia, ungoje kukaribishwa. Salamu haziharakishwi: utaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua ya ulikotoka. Aidha, utaona heshima ya ajabu baina ya wazazi na watoto. Kwa desturi, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, akiwa na la kumwambia humwita nje. Kijana asiyeoa naye alikuwa na kibanda chake, esaiga, ambamo alijifunza kuwa mtu mzima. Wengi hadi leo hufuata desturi hiyo, hata penye nyumba za mawe na paa za mabati.

Chakula kikaletwa. Kulikuwa na obokima, ugali wa wimbi, mweusi kiasi na mzito, ambao ukiushika vizuri mkononi unajua umeshika chakula. Kulikuwa na chinsaga, mboga ile ambayo Waswahili huiita mgagani, iliyopikwa na kulazwa kwenye maziwa hadi uchungu wake ukapungua. Binti yangu, ambaye kule Nairobi hukunja pua akiona sukuma wiki, alimaliza sahani na kuinyosha tena.

Ukutani palining'inia obokano, zeze kubwa la nyuzi nane ambalo sauti yake ni nzito kama ngurumo ya mbali. Lilikuwa la marehemu mume wa shangazi. Nyuzi zilikuwa zimekatika zote. "Hakuna aliyeomba kufundishwa," shangazi alisema, kisha akamwongezea mtoto maziwa.

Juu ya Manga

Alasiri kijana mmoja wa boma lile alitupandisha jabalini. Manga ni ukuta wa mwamba mgumu usiolika upesi, na ndiyo maana umebaki umesimama huku ardhi ya kando yake ikimomonyoka. Wazee huonyesha pia shimo liitwalo Ngoro ya Mwaga, ambalo lina masimulizi mengi, na linatajwa kwa sauti ya chini. Tafadhali nenda na mwenyeji, usikaribie ukingo, na usimwachie mtoto mkono. Nyasi zikiwa na umande huteleza kama sabuni.

Ukifika juu, simama. Chini yako ni Gusii nzima: mapaa yanayong'aa, moshi wa majiko, chai, migomba, njia nyekundu zinazojinyonganyonga. Kule mbali ni mji wa Kisii. Siku isiyo na ukungu, wenyeji hukuonyesha hata mng'aro wa Ziwa Victoria. Binti yangu alitafuta kwa macho mpaka akakiona kilima cha Nyanchwa, kidogo kama kichuguu.

"Kumbe babu alikuwa akitoka hapa mpaka pale?" aliuliza.

"Kila juma," nikamjibu.

Hakusema kitu tena. Na mimi, niliyekuwa nikicheka kisirisiri utotoni, nilijiona mdogo.

La kutafakari

Ama kweli, milima haikutani lakini binadamu hukutana. Jabali la Manga na kilima cha Nyanchwa vimetazamana tangu dunia iumbwe, na havijawahi kusogeleana hata hatua moja. Kilichoviunganisha ni njia ndogo ya miguu, na njia hiyo iliwekwa na watu waliojuana kwa majina. Mzee wa seng'enge hakuifungua kwa sababu ya sheria wala kwa fedha. Aliifungua kwa sababu nilijua mimi ni mtoto wa nani.

Je, binti yangu akirudi huko baada ya miaka 30, atakuta nani wa kumuuliza swali hilo? Na akiulizwa, wanawe watakuwa na jibu? Ardhi haiwezi kuongezeka, na ua hazitaacha kujengwa. Chemchemi zinaweza kurudi, kama miti yenye kiu itaondolewa kandokando ya maji na kupandwa ya kienyeji, lakini mzee yule anahitaji karo kwanza. Mambo haya hayatatatuliwa na mgeni wa siku moja. Hata hivyo mtu hawezi kuhangaikia mahali asipopajua, na mahali hujulikana kwa miguu.

Kwa hivyo, wewe mzazi wa mjini, likizo ijayo usingoje tanzia. Wachukue watoto uwapeleke kwenu, iwe ni Gusii, Taita, Upare au Rungwe. Mwulize mzee aliyebaki njia za zamani zilipita wapi, kisha uzipite. Nanyi wanafunzi, andikeni mnayosimuliwa.

Ukija kwetu, vaa viatu vyenye meno, ubebe koti la mvua, maana mvua ya alasiri haipigi hodi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Nunua ndizi za mama aliyekupita njiani. Ukiwa na siku ya ziada, fika Tabaka uone jinsi wanaume wanavyochimba na kuchonga mawe laini ya sabuni, na wanawake wanavyoyasugua kwa maji hadi yang'ae.

Tulipoaga, shangazi alimshika mtoto mikono miwili na kumtazama kwa muda mrefu. Kisha akatusindikiza, polepole, fimbo mkononi, hadi kwenye mto wa kwanza, kama alivyokuwa akimfanyia kaka yake. Hapo akasimama. Tulipofika ng'ambo tukageuka, alikuwa bado amesimama.

Mzee wa seng'enge tulimkuta akitungoja. Alikuwa ametengeneza kijilango kidogo cha miti miwili.